Je, fedha za kanda za Ulaya zinaweza kujenga maabara ya bahari Unguja?

SWALI: Mimi ni mtafiti kijana Unguja, kazi yangu ni mwani na viumbe wa miamba ya matumbawe. Hivi karibuni tulitembelewa na wenzetu kutoka Réunion, kisiwa cha Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Walituambia kituo chao kimesaidiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Kanda wa Ulaya, wakatuonyesha picha za matangi mapya, pampu za maji ya bahari na boti. Mkuu wangu sasa ananitaka niandike andiko la mradi tuombe fedha hizo hizo, tujenge maabara kama yao. Nianzie wapi?

JIBU: Mdogo wangu, anza kwa kumwambia mkuu wako, kwa adabu zote, kwamba andiko la namna hiyo halitavuka dirisha la kwanza. Si kwamba kazi yenu ni ndogo. Fedha mlizoonyeshwa zina kwao. Mfuko huo, ulioanzishwa mwaka 1975, haukuundwa kwa ajili ya sayansi. Uliundwa kwa ajili ya mahali. Shabaha yake ni mikoa ya Umoja wa Ulaya iliyobaki nyuma iikaribie ile iliyotangulia, na utafiti wa bahari umeingia humo kwa mlango uleule wa barabara na bandari: kwa hoja kwamba utaleta ajira na biashara palepale ulipo. Réunion imo katika ramani hiyo. Mayotte, kisiwa kingine cha Ufaransa karibu na Comoro, imo pia, tangu Januari 2014. Unguja haimo.

Upo mlango wa pembeni ambao taasisi ya Tanzania inaweza kuupitia, nami nitakufikisha hapo. Lakini kwanza uelewe fedha hizi zinavyokwenda huko kwa wenzako, maana mkikaa nao meza moja shida zao zitakuwa shida zenu.

Réunion ni mkoa wa Ufaransa, na ni mmoja wa maeneo tisa ambayo Umoja wa Ulaya unayaita ya pembezoni kabisa, pamoja na Canary, Azores, Madeira, Martinique na mengineyo. Mikoa ya Ulaya hupangwa kwa pato la kila mtu. Walio chini ya asilimia 75 ya wastani wa Umoja wanahesabiwa kuwa nyuma, na Mfuko unaweza kuwabebea hadi asilimia 85 ya gharama. Maeneo ya pembezoni nayo yamepewa kiwango hicho cha 85. Mikoa tajiri katika kipindi hiki cha 2021 hadi 2027 huishia asilimia 40 au 50. Kwa hiyo maabara ileile, kwa bei ileile, ni rahisi kuijenga Saint-Denis, mji mkuu wa Réunion, kuliko mjini Hamburg, Ujerumani. Uhodari wa watafiti haumo katika hesabu hiyo.

Fedha zenyewe hazitoki Brussels zikaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya maabara. Kila mkoa una programu yake iliyokubaliwa na Tume ya Ulaya, na mamlaka inayoisimamia palepale. Kwa Réunion ni Baraza la Mkoa. Tangu 2014 kila mkoa unaotaka kutumia fedha hizi kwa utafiti lazima uwe na mkakati unaosema sisi tumechagua kubobea katika mambo haya na haya, na kituo kisichoingia katika mkakati huo hakisomwi. Ndiyo maana ukipata bahati ya kusoma maandiko ya vituo hivi utashangaa: kurasa za mwanzo hazina samaki hata mmoja. Zina idadi ya kampuni ndogo zitakazohudumiwa, vijana watakaopata kazi, bandari itakayonufaika. Matumbawe yanakuja baadaye, tena kwa ufupi.

Kuna walioifanya kazi hiyo vizuri. Kule Gran Canaria wana PLOCAN, ushirika wa serikali ya Hispania na serikali ya Canary ulioundwa mwaka 2007. Wamesimamisha jukwaa la saruji baharini, kilomita moja na nusu hivi kutoka ufukweni, kwenye kina cha mita 30, na pembeni yake wametengewa eneo la bahari la kilomita za mraba 23 kwa majaribio. Mfuko wa kanda ulichangia. Ukienda Sicilia, fedha hizohizo zimesaidia darubini ya kunasa nutrino, chembe ndogo mno zitokazo angani, iliyoko kina cha mita 3,500 nje ya Capo Passero, ile ambayo Februari 2023 ilinasa nutrino yenye nguvu kuliko zote zilizowahi kurekodiwa. Wanafizikia wanasema ni chombo chao. Mkoa unasema ni kebo, bandari, mafundi na wahandisi waliobaki nyumbani badala ya kuhamia Milano. Wote wawili wana haki, na mradi ulipita kwa sababu kila mmoja aliona lake.

Sasa nikupeleke mahali ambapo mambo hayakwenda, kwa sababu hapo ndipo mkuu wako anapotakiwa kusikiliza. Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, ilikuwa miongoni mwa mikoa maskini ya Ulaya kwa vipimo vya Mfuko, ikapata fedha nyingi. Moja ya kazi zake ilikuwa Wave Hub: soketi kubwa ya umeme iliyolazwa chini ya bahari mwaka 2010, kilomita 16 kutoka mji wa Hayle, ikiunganishwa na nchi kavu kwa kebo ili kampuni za nishati ya mawimbi zije kuchomeka mitambo yao na kuijaribu. Iligharimu pauni milioni 42 hivi. Mfuko wa kanda ulitoa 20, wakala wa maendeleo wa mkoa ukatoa 12.5, serikali kuu 9.5. Uhandisi wake haukuwa na kasoro kubwa. Utepe ulikatwa, na mitambo ikasubiriwa. Ilikuja michache, haikukaa, na umeme wa mawimbi haukuwahi kuingia kwenye gridi kupitia soketi ile. Mwaka 2021 mali yote iliuzwa kwa kampuni ya Hexicon ya Sweden, iliyokuwa na mpango wa kuitumia kwa mitambo ya upepo inayoelea.

Linganisha na Orkney, kaskazini kabisa ya Scotland. Kituo chao cha kujaribia nishati ya bahari, EMEC, kilianzishwa mwaka 2003, nacho kwa fedha za umma kutoka mikono mingi, Umoja wa Ulaya ukiwemo. Mwaka uliofuata tu, mtambo wa Pelamis ukapeleka umeme wa mawimbi kwenye gridi kutoka hapo. Waliwauzia wateja kila kitu kinachozunguka jaribio: vipimo vya mkondo, vyeti, vibali, boti na watu wanaoijua bahari ile. Halafu vituo vinne, EMEC yenyewe, SmartBay ya Galway, SEM-REV ya Ufaransa na kimoja cha Uholanzi, vikaungana katika mradi ulioitwa FORESEA, uliolipiwa na tawi la ushirikiano la Mfuko uleule, kuwalipia wateja gharama za kuja kufanya majaribio. Hebu litazame jambo hilo: fedha za kwanza zilijenga kituo, fedha za pili zikamlipia mteja nauli. Cornwall walikuwa na za kwanza kwa wingi, na soko la wateja halikuwapo walipolihitaji. Mimi sioni kwamba walikuwa wajinga. Teknolojia ya mawimbi ilichelewa kuliko wote walivyotarajia. Ila kituo kikishajengwa kwa kudhani wateja watatokea, bili ya umeme haiwasubiri.

Na ya kwenu, mdogo wangu, itakuwa na bili. Maabara ya maji ya bahari ukiiona pichani ni matangi ya buluu yaliyopangwa vizuri. Kinachoifanya iwe hai hakionekani: bomba linalovuta maji kutoka kwenye kina ambapo mawimbi hayatibui mchanga, pampu mbili kwa sababu moja lazima itaharibika, chujio la mchanga linalooshwa kila mara, jenereta inayowaka yenyewe umeme ukikatika usiku wa Jumamosi, na mtu anayelipwa kulala hapo. Ndani ya mabomba wanyama wadogo wanaganda na kuota magamba mpaka njia inakuwa nyembamba kama kidole, yanakwanguliwa, wanaota tena. Chumvi inakula kila skrubu isiyo ya chuma cha pua. Mfuko wa kanda unalipa vizuri sana kumwaga zege na kununua vifaa. Mishahara unaweza kuilipa wakati mradi unaendelea. Baada ya hapo unaondoka, na unakuachia sharti: kwa miaka mitano tangu malipo ya mwisho, jengo halibadilishwi matumizi wala halihamishwi mikononi mwa mwingine kwa namna inayovuruga lengo lake, la sivyo fedha zinarudishwa. Kwa hiyo huwezi hata kusema basi tumeshindwa, tuligeuze ukumbi wa semina.

Kuna na suala la nani anatanguliza fedha. Wengi wetu tumezoea wafadhili wanaoweka kiasi kwenye akaunti halafu tunatumia. Huku mara nyingi ni kinyume: unatumia chako, unapeleka ankara, unathibitisha umelipa, wanakagua, ndipo wanarejesha. Chukua mradi wa yuro milioni 2 kwa kiwango cha asilimia 85. Mfuko unatoa milioni 1.7, na 300,000 ni zenu au za serikali yenu. Lakini kuna kipindi ambacho sehemu kubwa ya hiyo milioni 1.7 nayo iko mfukoni mwenu ikisubiri mkaguzi. Chuo kikubwa kinaweza kuvumilia. Taasisi ndogo inakopa, na riba ya mkopo ule hakuna wa kukurudishia.

Wakaguzi nao si wa kulainishwa kwa chai. Niliwahi kupitia vitabu vya kituo kimoja, sikitaji jina, kilichonunua pampu za maji ya bahari kwa zabuni ya wazi kabisa, matangazo yote yapo, wazabuni watatu. Kosa lilikuwa mstari mmoja: fundi wao, kwa nia njema, aliandika katika vipimo vya zabuni jina la kampuni ya pampu aliyoizoea, bila kuongeza maneno "au inayolingana nayo". Pampu zilifanya kazi vizuri, bei ilikuwa nzuri, hakuna aliyekula hata senti. Hata hivyo sehemu ya fedha ilikatwa, kwa sababu wazabuni wengine walifungiwa mlango. Makato ya namna hiyo hupangwa kwa viwango, asilimia 5, 10, 25, na kosa likiwa zito kabisa ni zote. Ndiyo maana ninasema ajirini mtu wa manunuzi kabla ya mtaalamu wa matumbawe. Najua mtaalamu wa matumbawe ndiye anayesoma jibu hili.

Sheria nyingine inayowashtua watu wa maabara ni ya biashara. Kituo kikiwa cha utafiti wa umma kinaweza kugharimiwa chote bila kuonekana kwamba serikali inapendelea kampuni. Kikianza kukodisha matangi kwa wafugaji wa kamba au kupima maji kwa mahoteli, lazima biashara hiyo isivuke asilimia 20 ya uwezo wa kituo kwa mwaka, na vitabu vyake vitenganishwe. Ukivuka unaingia katika kanuni za misaada ya serikali, na ruzuku inashuka hadi nusu ya gharama kwa sehemu hiyo. Hapa Mfuko una mkanganyiko ambao sijawahi kuona unatatuliwa vizuri: mkono mmoja unakwambia onyesha utakavyojitegemea, mkono wa pili unakwambia usifanye biashara sana.

Haya, mlango wenu. Mfuko una tawi linaloitwa Interreg, la ushirikiano kati ya mikoa ya nchi tofauti, na maeneo ya pembezoni yanaruhusiwa kushirikiana na majirani walio nje ya Umoja. Programu ya Bahari ya Hindi ya 2014 hadi 2020, iliyosimamiwa na Baraza la Mkoa wa Réunion, iliwataja Comoro, Madagascar, Mauritius na Shelisheli, na katika duara la nje Msumbiji, Kenya na Tanzania. Kanuni za kipindi kile ziliruhusu hadi asilimia 30 ya fedha za programu za aina hiyo zitumike kwa kazi zilizoko nje ya Ulaya, wakati kwingineko kikomo kilikuwa asilimia 20. Kwa hiyo ndiyo, yuro ya mfuko wa kanda inaweza kutua pwani yetu. Ila inatua ikiwa imeshikwa mkono na mtu wa Réunion au Mayotte, na inatua kwa kazi ya pamoja. Jengo lenu la peke yenu halimo.

Mfano mzuri ni ReNovRisk-Cyclone, mradi wa Chuo Kikuu cha Réunion na Météo-France, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, kuhusu vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi. Walisambaza vituo vya kupima hewa katika visiwa na nchi za jirani, na wakafanya jambo ambalo mvuvi yeyote wa Nungwi angelielewa upesi. Kule Saint-Leu kuna kituo kinaitwa Kélonia kinachowatibu kasa walionaswa kwa bahati mbaya kwenye ndoano za meli za kamba ndefu. Kasa akishapona, kabla ya kurudishwa majini, alibandikwa kifaa mgongoni kinachopima joto la maji kila anapozama, na akiibuka kuvuta pumzi kifaa kinatuma namba kwa setilaiti. Kasa huogelea mahali ambapo meli ya utafiti haithubutu kwenda kimbunga kikiwa njiani, tena hadai mafuta wala posho. Joto la maji ya juu ndilo chakula cha kimbunga, hivyo namba zile ni za kila nchi iliyo kwenye njia yake. Angalia jinsi hoja ilivyokaa: hatari ni ya wote, chombo kiko Réunion, data ni ya majirani pia. Kadhalika antena ya setilaiti ya SEAS-OI iliyoko Saint-Pierre, iliyojengwa kwa mchango wa Mfuko: iko ardhi ya Ufaransa, picha zake zinaifikia bahari ya majirani.

Na hatari ya pamoja haikosekani. Mei 2018 Mayotte ilianza kutetemeka, na mwaka mmoja baadaye meli ya Marion Dufresne ikaukuta chini ya bahari, kilomita 50 mashariki ya kisiwa, mlima wa volkeno mpya wenye kimo cha mita 800 hivi ambao haukuwapo kwenye ramani za awali. Sehemu kubwa ya kazi ile ilibebwa na serikali ya Ufaransa, si mfuko wa kanda, lakini iliwafumbua macho wengi kuhusu vipimo tusivyokuwa navyo katika kona hii ya bahari.

Kwa hiyo andiko lenu liwe la mtandao, lisiwe la jengo. Mwani wenu unakufa maji yakipata joto kupita kiasi. Réunion wanapima joto hilo kwa kasa na setilaiti. Ninyi mna wakulima wa Paje na Jambiani wanaoingia majini kila bamvua na wanajua siku gani mwani umeanza kulainika na kuoza. Hapo pana mradi. Upande wenu ombeni vipima joto na chumvi vyenye vipuri vyake, kompyuta, mishahara ya wasaidizi wawili, safari za mafunzo, na chumba kimoja kilichopo kikarabatiwe. Gharama za uendeshaji ombeni kwa kiwango cha mkupuo, kwa mfano asilimia 15 ya mishahara, njia ambayo kanuni zinairuhusu na inayowaepusha na kukusanya risiti za umeme na maji. Matangi makubwa yaacheni kwanza. Mkiyahitaji kwa jaribio, tumieni ya Réunion. Nao wanahitaji watumiaji wa nje ili waonyeshe kituo chao kinafanya kazi, na hilo linawapa ninyi nguvu mezani kuliko mnavyodhani.

Jengo la maji ya bahari kwenu litafutiwe kwingine. Programu ya utafiti ya Umoja wa Ulaya, Horizon Europe, inazikubali taasisi za Tanzania na Kenya kupokea fedha moja kwa moja, ingawa nayo ni ya kazi zaidi kuliko ya kuta. Kwa ruzuku za utafiti wa ukubwa wa wastani, ofisi ya WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, ipo hapohapo Zanzibar na programu yake ya ruzuku, MASMA, imeshalea watafiti wengi wa pwani hii. Inashangaza jinsi watu wanavyoiruka wakikimbilia Brussels. Kuta ni kazi ya bajeti ya serikali au mkopo wa maendeleo, na mkuu wako anajua njia hizo kuliko mimi.

Wiki hii fanya jambo moja. Waandikie wale wageni wa Réunion uwaulize mambo mawili tu: wito unaofuata wa Interreg utafunguliwa lini, na je, wao watakubali kuwa mshirika kiongozi, yaani wanaotia saini, kutanguliza fedha na kubeba ukaguzi. Wakisita kwenye la pili, shukuru na utafute wengine mapema, hata Mayotte. Barua iandikwe kwa Kifaransa, maana majalada ya huko yanakwenda kwa lugha hiyo, na kwa Kiingereza utajibiwa kwa heshima na kwa kuchelewa. Kama ofisini hakuna anayekijua vizuri, Unguja hamkosi jirani mwenye asili ya Ngazija aliyesomea Moroni.